Beti ya Pili Nani Anaijua?

Jumamosi umeme umekata saa mbili usiku na mimi, niseme ukweli, nikamshukuru Mungu, maana jirani yangu ana sabufa ambayo akiiwasha mabati yangu yanaitikia. Kuna wimbo kaupiga mwezi mzima, vikombe vinagongana vyenyewe kabatini, na wanangu wanaucheza hata wakipiga mswaki.

Basi tumekaa kibarazani gizani nikawaambia haya, imbeni huo wimbo wenu. Wakaimba kiitikio. Endeleeni. Wakaimba kiitikio tena. Nikauliza beti ya pili je? Wakatazamana. Wa kike akasema, "Baba pale haimbagi, pale anacheza tu."

Jamani! Wimbo dakika mbili na nusu, robo yake jamaa anamtaja prodyuza, robo anajitaja mwenyewe, halafu tunaambiwa umepata watazamaji milioni ngapi sijui, eti hiyo ndo historia. Historia gani inahitaji bando?

Mama yangu alikuwa pembeni anachambua mchele kwa tochi ya simu, hajaongea kitu, mara akaanza Shida ya Mbaraka Mwinshehe, akaimba yote, tena akifika kwenye gitaa analipiga kwa mdomo, tiriri tiriri, mkono unaendelea kutoa mawe. Mbaraka kafa 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, mimi hata sijazaliwa, lakini Jumamosi alikuwa kwangu kabisa, kwenye ungo! Na Siti binti Saad kapanda meli toka Unguja mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi, mpaka leo ukigusa taarabu lazima umtaje, hawa wetu wanarekodi chumbani kwenye laptopu na wimbo ukimaliza miezi mitatu ushachacha kama uji wa jana.

Nilikuwa nimenoga kweli, nahutubia na kidole juu. Ndo dogo wa mwisho akauliza, "Kwani baba enzi zako mlikuwa mnaimba nini?"

Aaah, hapo kanipatia! Nikamwambia sisi tulikuwa na Profesa Jay, Ndiyo Mzee, 2001, mwanasiasa anamwaga ahadi za uongo wananchi wanaitikia ndiyo mzee, mpaka leo bosi akiongea upuuzi ofisini tunajibu hivyohivyo. (Marehemu baba alikuwa anachomoa betri za redio wimbo ukianza, anasema hizi kelele hazifiki Krismasi. Hiyo sikuwaambia.)

"Tuimbie."

Nikasimama kabisa. Kiitikio nikakipiga safi, watoto wanaitikia, raha. Nikakirudia. Nikakirudia tena kwa sauti ya juu zaidi. Mama akaacha ungo, akanimulika tochi usoni.

"Beti ya pili," akasema.

Umeme ukarudi. Sijawahi kuifurahia ile sabufa namna ile.