Mwenye nyumba aliyeripotiwa 15040

"Kodi ya mwezi huu tumeni kwenye namba hii, ile ya zamani ina shida. Jina litakuja la mwanamke, msiogope."

Meseji hiyo iliingia kwenye simu za wapangaji wote wa nyumba moja ya Pasua, hapa Moshi, Jumamosi asubuhi, mwanzo wa mwezi. Chai haijapoa, Mama Junior wa chumba cha mbele alikuwa ameshajibu: "Mwizi mkubwa, katapeli ukoo wenu." Kijana wa bodaboda alituma picha za ngumi, nyingi. Fundi cherehani, ambaye ni mlokole, alimwandikia 1 Wakorintho 6:10, kwamba wezi hawataurithi ufalme wa Mungu.

Aliyetuma ile meseji alikuwa mwenye nyumba, Meku mwenyewe, kutoka Kibosho.

Mimi ni wakala wa kutoa na kuweka hela, meza yangu iko getini pa nyumba hiyo, na nawatetea wapangaji hadi kesho. Tapeli wa kodi hamjui mtu. Anarusha meseji ileile kwa mamia ya namba, nyingi kazibuni kwa kubadilisha tarakimu za mwisho, na anachagua tarehe za kodi, za ada na za vikoba. Humo hakosi mtu mmoja ambaye saa hiyohiyo anasubiri kuelekezwa hela aitume wapi, na huyo hata hajiulizi. Halafu kuna suala la jina. Ukituma hela kwa simu, kabla hujathibitisha unaoneshwa jina la aliyesajili laini. Hapo ndipo mtu angeshtuka, na tapeli anajua, ndiyo maana anakutajia jina mapema. Likitokea unasema "eeh, ndilo hilo," unabonyeza.

Majina yenyewe mara nyingi ni ya watu wasio na habari. Unasajili laini, msajili anakwambia "alama haijasoma, weka kidole tena," unaweka, na kidole cha pili kinasajili laini nyingine usiyoijua. Kwa hiyo mteja yeyote anayekaa kwenye benchi langu kungoja chenji namwambia apige *106#, aone ni laini ngapi ziko kwenye namba yake ya NIDA. Akikuta ngeni, aende duka la mtandao husika akaikane, na kitambulisho chake mkononi.

Hayo wapangaji waliyajua. Tulishakubaliana kwamba hela haiendi kwenye namba mpya mpaka mwenyewe apigiwe kwenye namba ya zamani, na meseji ya kitapeli haijibiwi: unaituma kama ilivyo kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, ukijibiwa unaandika namba iliyoituma. Matusi hayakuwemo kwenye makubaliano. Hayo waliyaongeza wao.

Basi, wakapiga namba ya zamani. Haipatikani. Wapangaji wanne wakairusha ya Meku 15040.

Haikupatikana kwa sababu simu ilikuwa imezama kwenye pipa la mbege, shughulini, Meku alipoinama kuonja. Ilipotolewa imelewa kabisa. Akaenda kurudishiwa laini yake, lakini hilo linataka alama za vidole, na vidole vya mzee aliyelima kahawa na migomba tangu ujana mashine haivielewi. Wakajaribu vidole vyote kumi. Mwishowe mkamwana wake akachukua laini mpya kwa kitambulisho chake yeye, akampa. Mjukuu ndiye aliyeandika meseji. Namba mpya, jina la mwanamke, namba ya zamani imezimwa, tarehe za kodi: ukweli mtupu, umevaa koti la mwizi mpaka vifungo.

Kabla ya saa saba mchana Meku alishuka kwenye Hiace ya Kibosho, kofia kichwani, buti za shambani, fimbo mkononi, mjukuu nyuma.

"Shikamoo Meku," Mama Junior akasema, amepiga goti nusu.

"Marahaba. Mwizi mkubwa nimefika."

Akamwamuru mjukuu asome majibu yote kwa sauti, hapo getini, mbele ya wateja wangu. Mtoto alisoma vizuri sana, anastahili sifa. Alipofika kwenye ufalme wa Mungu, Meku akasimamisha fimbo. "Mimi! Mwenyekiti wa jumuiya! Siurithi?" Cherehani ya fundi ilisikika ikishona kwa kasi ndani ya chumba, na mlango ulikuwa umefungwa.

Bado anafoka, simu yake ikalia. Mjukuu akasoma: "Imethibitishwa. Umepokea Tsh 450,000. Salio lako jipya ni Tsh 462,000." Uso wa Meku ukafunguka. "Mmeona? Kumbe mmoja wenu ana akili." Wapangaji wakatazamana, kila mmoja akimshuku mwenzake kwa utajiri.

Haikupita dakika, ikapigwa. Kijana mpole. "Shikamoo baba, nimekosea namba. Hiyo hela ni ya matibabu ya mama, yuko hospitali. Nirudishie hata laki nne, hamsini baki nayo." Meku akanigeukia: "Mrudishie haraka, mgonjwa huyo."

Nikaiomba simu. Meseji ya kweli ya muamala hutokea kwa jina la huduma yenyewe. Hii ilitoka kwenye namba ya kawaida, inaanza na 07, kama ya mtu yeyote. Nikafungua menyu, mjukuu akaweka namba ya siri kimyakimya, salio likatokea: Tsh 3,200. Meku alikodoa macho kwenye kioo kama vile mimi ndiye niliyezila. Nikamweleza kwamba hata kama hela ingekuwa imeingia kweli, harudishi kwa mkono wake. Aliyekosea ndiye anayepiga 100, huduma kwa wateja, mtandao unaurudisha muamala. Ukimtumia wewe, na yeye akaomba urudishwe, umelipa mara mbili.

Yule kijana akapiga tena, safari hii kwa sauti nzito. Sasa alikuwa huduma kwa wateja. Akaunti ya mzee imezuiwa, ataje namba ya siri ifunguliwe. Huduma kwa wateja hawapigi kwa namba nyingine zaidi ya 100, na hata wao hawaulizi namba ya siri, nikamnong'oneza Meku hivyo. Sidhani alisikia.

"Namba ya siri? Anayo mkamwana wangu," akajibu. "Subiri. Yuko bondeni anakatia ng'ombe majani. Usikate."

Tapeli akasubiri. Tukamsikia akihema. Meku akamweleza habari za ng'ombe, kwamba kapunguza maziwa tangu wiki jana, akamuuliza kwao wanafuga. Simu ikakatwa.

Meku akaipiga mwenyewe. "Imekatika mwanangu. Vipi, mama anaendeleaje?"

Namba ikazimwa. Fundi cherehani akatoka chumbani, akaomba kuwa yeye ndiye wa kuituma meseji ile 15040, akapewa heshima hiyo. Kama laki nne zingekuwa zimeshaondoka, kitu pekee cha kufanya ni kupiga 100 dakika hiyohiyo na namba ya muamala mkononi, ili hela ishikwe kabla haijatolewa kwa wakala, kisha polisi kuchukua RB. Matapeli hutoa haraka. Ukisubiri hadi jioni, unachoripoti ni hadithi.

Ikabaki kodi. Meku alitaka taslimu, watu hawana. Tukampigia mkamwana kwa sauti ya wazi akataja majina yake kama yalivyo kwenye kitambulisho, Meku akaiandika namba mpya kwenye daftari la kila mpangaji na kutia sahihi, ndipo wakaja mezani kwangu mmoja mmoja, jina likatokea, wakalilinganisha herufi kwa herufi, wakalipa. Hata Mama Junior alilipa, akaongeza na ndizi za njiani.

Chumba cha tano peke yake hajalipa. Ukimuuliza, anasema bado anahakiki.