Njiwa wa Keki Wametoka Vizuri

Meseji imeingia saa moja kasoro asubuhi, hata chai sijaitia mdomoni. Ni mama wa bibi harusi wa Jumamosi. "Mwanangu picha nimeziona, njiwa wa kwenye keki wametoka vizuri mno. Binti yangu yuko wapi?"

Binti yupo jamani. Yupo nyuma ya keki na shela lake, ila utasema umemchungulia kwa pazia la bafuni. Wale njiwa wa sukari wa juu ndo unahesabu mpaka manyoya.

Sasa kabla mtu hajanicheka, mie ni mpiga picha wa kuheshimika, nina mpaka kadi za biashara. Kosa si la harusi. Kosa ni la mdiria.

Wenye ugonjwa huu wa kupiga picha ndege mnajua, Jumamosi unapiga mashela ili Jumapili upate nauli ya kwenda kulalia tumbo kwenye matope. Wiki tatu nyuma nilikuwa kule kwenye mikoko ya daraja la Selander, Dar, maji yametoka, na mdiria yule wa madoa meusi na meupe kasimama hewani anapiga mabawa palepale anachungulia samaki, yaani ndege wa kupewa, hana haraka. Nikamshindilia picha mia nne. Kufika nyumbani kufungua, mikoko mikali hatari, jani mojamoja, na mbele yake kitu cheupe kama karatasi ya chapati iliyopeperushwa. Na shata, yaani kasi ya kupiga, niliweka 1/2000 ya sekunde, na fokasi ni ile ya kufuata, sio ile ya kushika mara moja ikalala. Kila nikimlenga lenzi inaenda mbele inarudi nyuma, zzzt, zzzt, kama babu anayetafuta miwani na anayo kichwani. Aliyetoka mkali siku ile ni kunguru peke yake, hawa walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 eti wasafishe taka, mweusi kwenye mbingu nyeupe, oto-fokasi inampenda kama mwanawe wa kwanza.

Basi ikabidi niende Kariakoo.

Fundi wangu anatengeneza kamera, simu, blenda na pasi, kwenye meza moja. Akaipokea lenzi, akaipulizia kwa mdomo, fuuuh, na mate, akaifuta kwa shati. Roho ikaniuma ila fundi humkatizi.

"Inagoma wapi?"

"Ikifika kwa ndege."

"Hizi za uwanjani? Utakamatwa kaka."

"Ndege wa manyoya, fundi."

"Na kwa watu?"

"Kwa watu iko sawa kabisa."

Akaniangalia kwa huruma. "Sasa si upige watu?"

Nikameza. Akachukua kifutio cha shule akasugua vile vyuma vya nyuma ya lenzi, na hapo nakiri alifanya la maana maana vikishika uchafu kamera na lenzi haziongei. Haikusaidia. Akasema mota imechoka, laki na themanini. Nikasema tujaribu kwanza. Tujaribu na ndege gani Kariakoo? Akanyoosha kidole: tenga la kuku.

Nikapiga goti mbele ya tenga, watu wanapita na maroba wananiruka. Namlenga jogoo, kile kiboksi cha kijani cha fokasi kinaruka kinaenda kukaa usoni kwa muuza kuku. Nakirudisha kwa jogoo, kinarudi kwa muuza kuku. Jamaa akasimama. "We unanipiga picha ya nini? Nani kakutuma?" Namwambia kaka sikupigi wewe, nampiga jogoo. "Jogoo yuko huku, mbona kamera iko kwangu?" Nikamwonyesha skrini ili aamini, kaona uso wake mzima umejaa na jogoo ukungu. Ndo nikaharibu. Watu wamejaa, mmoja anasema ni watu wa kodi hao, mwingine anataka na yeye apigwe ila atumiwe WhatsApp.

Kijana wa fundi, hata ndevu hana, akanyoosha mkono akaichukua kamera, akabonyeza mara tatu hivi. "Bosi, hii umeiambia itafute macho ya binadamu. Humu kuna wanyama, kuna ndege wa mayai na kuna ndege za abiria. Nikuwekee ipi?"

Kimya. Mpaka jogoo alinyamaza.

Fundi akachukua elfu kumi, "ya utaalamu." Utaalamu wa nani? Muuza kuku naye akadai usumbufu, ndo maana usiku ule tulikula kuku ambaye hatukumpanga.

Jumapili iliyofuata nikarudi mikokoni na ndege wa mayai. Kamera inashika jicho la yangeyange toka mbali, nikataka kulia. Nikapata kichwa, nikachomeka ile lenzi ndogo ya kuongeza mara mbili, kumbe tundu langu la mwanga la f/6.3 limebana limekuwa f/13, mwanga hauingii, zzzt zzzt imerudi upya. Ikafika saa nne jua likawaka matope, hewa inatetemeka kama juu ya sufuria la mafuta, hapo hata fokasi iwe sahihi picha inatoka maji maji, fungasha uende nyumbani. Mlinzi mmoja akaja kuniuliza kibali.

Nikafungasha. Kurudisha kwenye binadamu ndo nikasahau.

Sasa mama anataka turudie. Turudie vipi, keki imeliwa! Shela lenyewe la kukodi. Na kwa nini keki za harusi ziwekwe njiwa, kwani maua yamekatazwa? Shangazi mmoja alikuja na kofia ya manyoya ya mbuni, nimeangalia, kofia imetoka vizuri sana, shangazi mwenyewe ni ukungu tu na hereni. Huyo bado hajaziona. Na huyo ndo aliyelipa nusu.

Halafu umeme umekatika na betri zote mbili zilikuwa kwenye chaja, na hapa dirishani kuna kunguru katulia kabisa, ananiangalia.