Kisu Alichonyimwa Ariel

Kila ikitajwa The Little Mermaid, filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1989, lawama ni ileile: wameiharibu hadithi ya Hans Christian Andersen kwa kuibandikia harusi mwishoni. Lawama hiyo naikubali nusu.

Hadithi yenyewe, iliyotoka Denmark mwaka 1837, ni chungu. Nguva huishi miaka 300 kisha hugeuka povu, kwa kuwa hana roho ya milele. Binti huyu, ambaye Andersen hakumpa hata jina, hamtaki mwana wa mfalme peke yake. Anaitaka na roho, ambayo ataipata tu akipendwa na kuolewa na binadamu. Filamu imeitupa habari ya roho, na wanaolalamika wanasema kilichobaki ni msichana wa miaka 16 aliyetoa sauti yake kwa ajili ya kijana aliyemwona mara moja.

Hapo ndipo ninapowakatalia. Howard Ashman, aliyeandika maneno ya nyimbo, na Alan Menken, aliyetunga muziki, walimpa Ariel, nguva wa filamu, wimbo wa kutamani nchi kavu kabla hajamwona Eric, kijana mwenyewe. Yumo pangoni, kazungukwa na vikorokoro vya meli zilizozama, anatamani kuuliza moto ni nini na kwa nini unaunguza. Wimbo huo nusura ukatwe, eti watoto walichoka nao kwenye onyesho la majaribio. Ungekatwa, walalamikaji wangekuwa na haki yote.

Tena muziki umeipa hasara yake uzito. Kwa Andersen, mchawi anamkata ulimi, malipo ya kumpa miguu. Kwenye filamu, mwanga unatoka kooni mwa Ariel na kuingia kwenye kombe la mchawi Ursula, na sauti inaendelea kuimba bila mwenyewe. Sisi tumekwisha kuipenda sauti ile. Baadaye, Ariel na Eric wakiwa mashuani, anayeimba ni kaa Sebastian. Ariel kakaa kimya mbele ya ampendaye.

Kinachoniuma ni kisu. Kwa Andersen, usiku mwana wa mfalme alipomwoa mwingine, dada za nguva wanaibuka vichwa vitupu: nywele wamempa mchawi, naye kawapa kisu. Amchome kijana kabla jua halijachomoza, mkia wake urudi; la sivyo atageuka povu. Anafunua pazia la hema, anawatazama waliolala, kisu kinamtetemeka mkononi. Anakitupa baharini, mbali. Hata Andersen hakumwacha awe povu tu. Alimfanya binti wa hewani, mwenye tumaini la roho baada ya miaka 300.

Kwenye filamu, Eric anamuua Ursula kwa meli, na Triton, babake Ariel, anampa bintiye miguu. Ni kweli Ariel anamvuta Ursula nywele na kumwokoa Eric, lakini ni kufumba na kufumbua. Uamuzi mzito wa mwisho umebaki kwa baba. Harusi ningeipokea kwa moyo mmoja, laiti kabla yake Ariel angeachwa dakika moja peke yake, na jambo zito la kuamua mkononi mwake.