Ngoja Nimalize Mstari

Jamani, kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa Judith Brown. Mwaka 1970 aliandika makala fupi akijiuliza kwa nini kazi za aina fulani, karibu kila jamii, humwangukia anayelea watoto. Jibu lake likawa hili: ni kazi zisizotaka akili yote, zinazojirudia-rudia, zisizomweka mtoto hatarini, zisizompeleka mtu mbali na nyumbani, na juu ya yote, ni kazi unazoweza kuziacha katikati, ukakimbia kumwokoa mtoto, kisha ukarudi ukaendelea ulipoishia. Watafiti wa nguo za kale wakaipokea hoja hiyo kwa mikono miwili. Kumbe ndiyo sababu kusokota uzi na kutengeneza nguo kumekaa kwa walezi maelfu ya miaka!

Mwenzenu nikasoma, nikafurahi. Mimi ni baba wa watoto wawili, wote hawajafika umri wa kujifunga kamba za viatu, na anayeshinda nao nyumbani ni mimi. Nikajiona nimetajwa. Nikatafuta sindano za kufumia, nikatafuta uzi wa sufu, nikakaa kitako niingie kwenye ile historia ya maelfu ya miaka.

Sasa nina swali moja tu kwa mama huyu. Hapo "ulipoishia" ni wapi?

Maana kufuma, kwa asiyejua, ni kuhesabu. Watu wakikuona wanasifu mikono. Mikono ina kazi gani? Mikono huzoea upesi: unaingiza sindano, unazungusha uzi, unachomoa kitanzi, basi. Kazi iko kichwani. Patani ya sweta ya mtoto inakwambia anzisha vitanzi 66, fuma mstari wa kawaida, rudi na mstari wa kinyume, kisha kila baada ya mistari sita punguza kitanzi kimoja kila upande. Ukipoteza hesabu, kazi haikupigii kelele. Inanyamaza, inakusubiri kwapani.

Hebu sikilizeni.

"Hamsini na tatu, hamsini na nne, hamsini na tano..."

"Baba, bibi ana miaka mingapi?"

"Sitini na mbili. Sitini na tatu, sitini na nne, sitini na tano..."

Nikafika sabini na tatu. Nikashangaa, patani inataka 66, hivi vingine vimetoka wapi? Nikafumua saba vilivyozidi, moyo mweupe kabisa. Sweta ikaanza maisha yake ikiwa imepunjwa vitanzi saba kwa sababu ya umri wa mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe hana habari.

Na wana akili hawa. Usihesabu, hakuna atakayekuuliza kitu chenye namba. Anza tu kuhesabu, utaulizwa leo ni tarehe ngapi, pweza ana miguu mingapi, zamani kulikuwa na watu wangapi. Nikaamua nihesabu kimoyomoyo. Mkubwa akaniangalia midomo, akasema, "Baba anaongea na nani?" Mdogo akaja kuangalia baba anaongea na nani. Akakaa juu ya uzi.

Ndipo nilipojifunza ile sentensi ambayo kila mfumaji anayo mdomoni: ngoja nimalize mstari. Mtu mzima ukimwambia hivyo anakaa. Mtoto wa miaka miwili hana chumba cha kuhifadhia neno "ngoja". Yeye ana sasa hivi, na ana chooni, na mara nyingi hivyo viwili vinafika pamoja.

Msidhani ni mimi peke yangu niliyeponzwa na sentensi hii. Kule Uingereza alikuwepo bwana mmoja, William Lee, ambaye mwaka 1589 alitengeneza mashine ya kwanza ya kufuma soksi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akimposa binti mmoja, na kila akienda kumwona, binti macho yake yako kwenye sindano. Akachoka, akasema nitaunda chombo cha kuimaliza kazi hii, nione sasa utanipa kisingizio gani. Inasemekana tena Malkia Elizabeth wa Kwanza alimnyima hataza, akihofia wafumaji wa mikono watakosa kula. Kama kisa cha binti ni kweli au watu wamekitia chumvi, mimi sina haja ya kubisha. Nakiamini. Mtu hawezi kukaa chini akaunda mashine ngumu namna ile bila kwanza kuambiwa "ngoja nimalize mstari" mara nyingi sana.

Haya, turudi kwenye vipimo, maana hapo ndipo penye kituko hasa. Donge la uzi huja na kikaratasi. Changu kimeandikwa kwamba ukitumia sindano za milimita 4, vitanzi 22 vitakupa upana wa sentimita 10. Kwa hiyo vitanzi 66 ni sentimita 30. Hesabu safi. Lakini kikaratasi kinakuonya: fuma kwanza kipande cha majaribio, upime, kwa sababu kila mkono una mkazo wake.

Nikafuma kipande watoto wamelala. Vitanzi 20 kwa sentimita 10. Mkono umelegea, nafsi imetulia, nilikuwa karibu kuimba. Nikafuma kingine wako macho, mmoja yuko juu ya meza. Vitanzi 24. Nimekaza uzi mpaka sindano inalia. Fanyeni hesabu nanyi: vitanzi vilevile 66, nikiwa na amani vinatoa sentimita 33, nikiwa na watoto vinatoa 27 na nusu. Vitabu vya kufuma vinasema chagua sindano ya kukufaa kulingana na mkazo wa mkono wako. Haviandiki uchague mkazo wa saa ngapi.

Matokeo yake sweta yangu unaweza kuisoma. Hapa imepanuka, walilala mchana. Hapa imebana kiunoni, mdogo alikuwa anaota jino. Hapa katikati pana mistari miwili iliyonyooka mpaka unaogopa, hiyo ni siku mama watoto aliwachukua wakatoka. Yeye mwenyewe aliishika juu juu akauliza, "Hiki ni kiuno?" Nikamwambia hilo ni jino la juu kushoto.

Hilo la kutomweka mtoto hatarini nalo tuliangalie. Sindano mbili ndefu zenye ncha, nyumba yenye watoto wawili, mgawanyo wake mnaujua: kila mtu na upanga wake. Nikahamia sindano za mviringo, zile fupi mbili zilizounganishwa kwa waya laini. Hizi nazisifia bila kulipwa na mtu. Mtoto akivuta upande mmoja vitanzi vinateleza na kubaki kwenye waya, kazi inapona, na upanga wenyewe una urefu wa kalamu. Jambo moja tu sifanyii mzaha: ukifuma soksi za mtoto mchanga, usiache uzi unaning'inia kwa ndani. Uzi mwembamba ukijizungusha kwenye kidole kidogo unaweza kukata damu isipite, na mtoto hajui kusema. Geuza soksi ndani nje, kagua, ficha kila ncha, ndipo umvishe.

Mtu mwenye akili angeishia kwenye kufuma. Lakini kuna ugonjwa humo ndani. Ukishajua kufuma, unaanza kuuangalia uzi na kujiuliza na wenyewe ulitokea wapi. Nikaanza kusokota.

Chombo chake ni kijiti chenye kisahani cha kukipa uzito. Unafunga sufu iliyochanwa hapo juu, unakizungusha, kinaning'inia kikizunguka hewani huku vidole vyako vinavuta manyoya kidogo kidogo, na yale mazunguko yanapanda yakiyakamata, unapata uzi. Ni kazi tamu, tena sana. Tatizo ni kwamba kitu kinachozunguka na kuning'inia sentimita chache kutoka chini, kwa macho ya mtoto, kina jina moja tu, nalo ni pia ya kuchezea. Tena pia yenye kamba. Na imeshushwa kwa heshima zote mpaka usawa wa mikono yake.

Hapa nimtendee haki Judith Brown. Uzi ukikatika si msiba. Unapishanisha manyoya ya ncha mbili, unazungusha tena, unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hilo ana haki yake. Msiba ni kukiacha kijiti kikiwa hewani ukakimbilia jikoni. Kikimaliza kwenda mbele kinaanza kurudi nyuma, kinasokotoa kila ulichosokota, manyoya yanaachana, na unasikia "po" sakafuni kabla hujajua jikoni kumevunjika nini. Dawa ni kukibana kwapani au katikati ya magoti kabla ya kukimbia. Jaribuni kukimbia na kijiti katikati ya magoti. Watoto wangu wameona baba akikimbia hivyo mpaka sasa wanacheza mchezo wa kukimbia hivyo.

Halafu uzi wa sokoto mbichi una hasira. Ukiulegeza unajikunja wenyewe na kujifunga mafundo. Inabidi uchukue nyuzi mbili uzisokote pamoja kwa kuelekea upande wa kinyume, ndipo hasira ya huku inatulizwa na ya kule. Nilimweleza mama watoto jambo hili kwa kina usiku mmoja. Akasema analala.

Ya sufu yenyewe sasa. Unywele wa kondoo una magamba madogo usiyoyaona kwa macho. Ukiuweka kwenye maji ya moto yenye sabuni kisha ukausugua, magamba yanashikana na hayaachani tena maisha. Ndivyo felti, kile kitambaa kizito cha sufu iliyoshikamana, inavyotengenezwa. Mafundi wa kofia wanaijua siri hiyo tangu zamani. Na mwanangu mdogo sasa anaijua, kwa sababu alichukua kikapu changu cha sufu iliyochanwa, nyeupe, laini, iliyopangwa, akaingia nayo kwenye beseni lake la kuogea. Maji ya uvuguvugu yapo, sabuni ipo, na kusugua hakuhitaji kufundishwa. Nilipomuuliza anafanya nini, akanijibu kwa utulivu: "Naosha kondoo." Kwa ufundi tu, bila upendeleo wa mzazi, ile felti ilitoka imara. Kiatu kingekaa hapo.

Wapo watakaoniletea mfano wa Gandhi. Mbona Gandhi alisokota kila siku, tena akiwa na nchi nzima ya kushughulikia? Kweli. Lakini ulizeni alianza lini. Gurudumu la kusokotea alilishika wanawe wanne wote wameshakuwa watu wazima. Na moja ya mahali alipopata nafasi nzuri ya kusokota ni gerezani, Yerwada. Gerezani, jamani! Mlango una kufuli, tena kwa nje. Hakuna anayeita kutoka chooni, "Babaaa, nimemalizaaa!" Mimi naheshimu mapambano yake yote, lakini kwa upande wa kusokota, mzee alisaidiwa na serikali.

Hata hivyo nimeisoma tena hoja ya yule mama, polepole, usiku, wamelala. Nikaona kuna mahali niliparuka kwa furaha. Amesema kazi isiyotaka akili yote, inayojirudia. Yaani kazi inayochosha! Hakusema patani ya majani na matundu yenye mchoro wa miraba, ambayo mstari wa kumi na saba haufanani na mstari wowote duniani. Walezi wa kale walikuwa wanasokota uzi uleule, mwendo uleule, tangu alfajiri. Aliyeleta majani na matundu si mlezi. Ni mtu mwenye mlango wenye kufuli.

Basi nimeitupa patani. Nafuma mshono wa kawaida, kwenda na kurudi, wa kawaida tu, pande zote mbili. Hauna mstari wa kumalizia, ukiitwa unasimama popote, hata kwenye kitanzi cha tatu. Ukirudi, kazi yenyewe inakuonyesha, kwa sababu uzi unaning'inia kutoka pale ulipoishia. Kumbe na "ulipoishia" ipo! Mwili wa mbele umekwisha, wa nyuma umekwisha, mikono miwili ipo, mmoja umenyooka na mwingine una jino.

Nimempimisha mkubwa. Amekaa nayo kidogo akasema, "Inawasha." Nikamweleza kwamba unywele wa sufu ukizidi unene wa mikroni 30 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hauinami ukigusa ngozi, unachoma, na kwamba wa kondoo wa merino huwa chini ya hapo ndiyo maana unasifiwa ulaini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi mvishe kondoo."

Mama watoto anataka kujua itakwisha lini. Nimemwambia imebaki kola tu. Amesema kama ni kola tu, si ningeimaliza leo. Leo haiwezekani, wako macho. Kola inataka kuhesabu.