Mueri wa chupani: mti au fotokopi?

Juzi nilibishana na jamaa anayeuza miche, yeye anasema mueri utaokolewa na maabara basi, mimi nikamwambia ngoja kwanza, halafu kufika nyumbani nikagundua hata sijui nilikuwa nakataa nini hasa. Kwa hivyo nimekaa nikaipima upya.

Kwa asiyeujua, mueri (Prunus africana) ni ule mti mkubwa wa misitu ya milimani, Mlima Kenya, Aberdare, Mau, Kilimanjaro, hadi Kameruni huko. Shosho alikuwa anachemsha magome yake mtu akiumwa tumbo, na mpini wa jembe ulitoka hapo hapo. Balaa ilikuja Wazungu walipoona magome yanawasaidia wazee wenye tezi dume, patenti ikachukuliwa 1966, na tangu hapo ni magunia kwa magunia kwenda Ulaya. Ukichuna upande huu na upande ule ukaacha kwingine, gome linarudi, lakini mwenye haraka ya pesa anazungusha shina lote na mti unakauka kuanzia juu. Ilibidi 1995 biashara yake iwekwe chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na 2007 Ulaya ikasimamisha kununua magome ya Kameruni.

Sasa maabara inaingilia wapi? Mbegu. Mbegu za mueri ni kisirani, mti hauzai vizuri kila mwaka, zikiiva ndege na kima wameshakutangulia, na hata ukizipata hazikai, ukiziweka kwenye debe ungoje msimu ujao kama mahindi unaweza kujikuta unapanda maiti. Ndo watu wakafikiria tishu kalcha, kama zile ndizi tulizozoea. Unakata kijiti kichanga chenye jicho moja, unakiosha kwa Jik iliyozimuliwa, unakitia kwenye chupa yenye jeli ya sukari, madini na homoni, kikikubali kinachipua, unakigawa, unatia chupa nyingine, unagawa tena. Kwa hesabu ya karatasi ni mashine ya miche.

Kwa mkono ni kitu kingine. Kijiti cha mti mzee kinakuja na vijidudu vya miaka mingi, asubuhi unakuta ukungu mweupe umejaa chupa, au kinatoa maji ya kahawia mpaka jeli inakuwa rangi ya chai ya rangi, na hapo kimekwisha. Ukitumia machipukizi machanga inakuwa afadhali, lakini mche mchanga haujakuonyesha bado kama gome lake litakuwa na dawa ya kutosha, yaani unazidisha kitu ambacho hujakionja. Na miche ikitoka chupani haijui jua wala upepo, usipoizoesha polepole inanyauka kwa siku moja.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni ufotokopi wenyewe. Miche elfu kutoka kijiti kimoja ni mti mmoja uliosimama mara elfu, ugonjwa ukiujua huu umeijua yote, waulize waliolima ndizi za Gros Michel zilivyofagiliwa na ugonjwa wa Panama. Shambani ambako mtu anataka magome ya kuuza, sawa, chagua mti mzuri uzidishe. Msituni hapana, huko nataka mbegu, hata kama ni kisirani.

Halafu kuna njia ya katikati ambayo watu wanaidharau kwa sababu haina koti jeupe: boksi la mbao lililofunikwa nailoni, chini mawe na maji, juu mchanga, unachomeka vijiti vyenye majani vilivyopakwa homoni ya mizizi, umeme hauhitajiki. Watu wa ICRAF, kile kituo cha utafiti wa kilimo mseto, wameitumia kwa mueri huko Kameruni na inatoa mizizi. Mkulima wa Nyeri anaiweza hiyo, chupa haziwezi. Ila bado ni fotokopi, sidanganyi mtu, na bado utangoja miaka kumi na zaidi ndo uguse gome, sasa nani atangoja kama magome ya wizi bado yananunuliwa barabarani?

Nilirudi kwa yule jamaa nikamuuliza miche yake ya maabara imetoka kwa mama wangapi. Akanyamaza kidogo, akasema mmoja, uko nyuma ya kwa mjomba wake. Nikachukua miwili, wa tatu nikamwambia aniletee wa mama mwingine.