Eti Nagele Haina Historia

Juzi rafiki yangu alinitumia video fupi kuhusu Nagele huko Uholanzi, na msimulizi, kwa sauti ya mtu aliyeridhika mno na elimu yake, akatangaza kwamba hicho ni kijiji kisicho na historia, kwa kuwa kilijengwa miaka ya 1950 mahali palipokuwa chini ya maji. Niliizima kabla haijaisha. Jina lenyewe Nagele ni la makazi yaliyomezwa katika Zama za Kati na maji ya Zuiderzee, ghuba ya bahari ya nchi hiyo. Mtoto anapewa jina la marehemu, kisha tunaambiwa hana ukoo!

Nakubali, shingo upande, kwamba wahandisi walifanya makubwa: tuta la Afsluitdijk, lenye urefu wa kilomita 32, liliifunga bahari mwaka 1932, na miaka 10 baadaye pampu zikaikausha Noordoostpolder, sehemu ya ghuba hiyo ambamo Nagele ilijengwa. Nakubali pia kwamba nyumba zenye mapaa bapa, zilizobuniwa na wasanifu kama Gerrit Rietveld na Aldo van Eyck kuzunguka uwanja mpana wa nyasi, zinapendeza.

Ninachokataa ni kusahau watu. Kilomita chache tu kutoka Nagele ipo Schokland, ambayo leo ni mwinuko mwembamba katikati ya mashamba, lakini zamani ilikuwa kisiwa. Mwaka 1859 serikali iliwahamisha wakazi wake wote, wapatao 650, kwa sababu ya umaskini na mawimbi yaliyokuwa yakikila kisiwa kila mwaka, na nyumba zao zikabomolewa ili asirudi mtu. Walioambiwa kwamba bahari imewashinda walikwenda Kampen, Volendam na kwingineko, na haikutimia hata karne moja kabla serikali ya nchi hiyohiyo haijaiondoa bahari yenyewe.

Je, ardhi hiyo ilipokauka watu wote walikaribishwa? Thubutu! Mashamba yalikuwa mali ya serikali, na aliyetaka kukodishiwa alichujwa kama unga: maofisa walifika hadi nyumbani kwake, wakauliza habari za fedha na ujuzi wa kilimo, wakatazama hata jinsi mkewe anavyotunza nyumba, kana kwamba vumbi la sebuleni lingezuia ngano kuota. Madhehebu nayo yalipimwa, ndiyo maana kijiji kidogo kama Nagele kilipangiwa makanisa matatu na shule tatu. Watu waliochekechwa namna hiyo ni historia tosha, tena chungu kwa kila aliyekataliwa.

Wavuvi wa Urk, ambao kisiwa chao kiliunganishwa na bara mwaka 1939 na bahari yao ikageuzwa kuwa ziwa la maji baridi, sitawazungumzia leo, maana hasira zitanizidi.

Katika mashamba hayo, wakulima waliokuwa wakilima na kuchimba mifereji walikuta mara kwa mara mbao za merikebu zilizozama karne nyingi zilizopita. Labda msimulizi wetu atatueleza nazo zilidondoka kutoka wapi.