Chuo cha Jumapili cha Wayahudi wa Marekani kinatushinda kwa jambo moja

Wazazi wengi wa Kiswahili huku Marekani wana kilio kimoja: mtoto anakwenda madrasa ya Jumamosi mwaka mzima na bado anababaika kwenye juzuu Amma. Lawama anatupiwa mtoto, au simu. Kosa mimi naliona kwenye hesabu. Lamu au Unguja mtoto huingia chuoni alasiri, saa mbili kwa siku, siku tano. Hizo ni saa kumi kwa wiki. Huku anapata mbili au tatu, na mwalimu anamfundisha vilevile kama wa Lamu: alifu mpaka ye, fataha, kasira, dhuma, kisha sura baada ya sura.

Majirani zetu Wayahudi wana tatizo hilihili kwa vizazi. Wale washika dini sana hupeleka watoto shule za dini za kutwa, tuwaache. Lakini wengi wa madhehebu ya Reform na Conservative hutegemea shule ya sinagogi: Jumapili asubuhi kwa muda wa saa mbili, na mara nyingi alasiri moja katikati ya wiki, kwa muda wa saa moja na nusu, ya Kiebrania. Kwa wiki 30 za masomo ni saa 105. Mtoto wa Lamu huzimaliza saa hizo ndani ya miezi mitatu.

Wanachofanya ni kuchagua machache ya kufundisha, na Hanuka, sikukuu yao ya mishumaa, inaonyesha vizuri. Kwa sheria yao ni sikukuu ndogo, haifiki Pasaka wala Yom Kippur, siku yao ya toba. Huanza tarehe 25 ya mwezi wao wa Kislev, ikachukua siku nane, kukumbuka Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walivyoliweka wakfu upya Hekalu la Yerusalemu mwaka 164 KK, baada ya mfalme Antioko wa Nne kulinajisi. Kalenda yao huongezwa mwezi mara 7 katika kila miaka 19, kwa hiyo Hanuka huanza Novemba au Desemba tu. Madarasa yakifunguliwa Septemba, mwalimu anajua ana wiki ngapi mkononi. (Ramadhani yetu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Hapo nakubali wametuzidi kwa bahati.)

Herufi za Kiebrania ni 22, na tano kati yake hubadilika umbo mwishoni mwa neno. Mwalimu mjanja haanzi na alef. Anaanza na nne zilizo kwenye pia ya Hanuka, ambayo watoto huizungusha kushindania peremende: nun, gimel, he, shin. Pia ikiangukia nun huli wala hutoi. Gimel unazoa zote. He unachukua nusu. Shin unaongeza moja. Mtoto hazisahau, maana peremende ziko mezani. Kisha zinaletwa resh, lamed, het na kaf, na pamoja na irabu zake tayari anasoma maneno matatu ya mwisho ya baraka ya mishumaa: ner shel Hanukkah.

Makosa yanajulikana mapema. Gimel ina kimguu kilichotanuka chini, nun haina. He ina uwazi juu kushoto, het imezibwa, na fotokopi hafifu huziba uwazi ule. Aliyezoea Kiingereza huanza kushoto, shel ikawa lesh. Dawa yake ni kidole kutembea chini ya mstari kutoka kulia, kama kijiti cha chuoni. Na kuna jina la Mungu, ambalo kwenye vitabu vingi vya sala huandikwa kwa yud mbili tu na kusomwa Adonai. Anayeunganisha herufi mojamoja lazima akwame hapo, kwa hiyo hufundishwa kulitambua kwa macho.

Mishumaa nayo ina mtego. Hupangwa kuanzia kulia, kila usiku mmoja ukiongezwa kushoto, lakini huwashwa kuanzia ule mpya, yaani kushoto kwenda kulia. Shamash, mshumaa mtumishi, ndio unaowasha mingine na hukaa mahali pa peke yake, mara nyingi juu zaidi. Pakiti ina mishumaa 44: 36 ya usiku nane na 8 ya shamash. Mwalimu akisimama kuwaelekea watoto, kulia kwake ni kushoto kwao, nao wanakwenda nyumbani na mpangilio uliogeuka. Asimame ubavuni mwao. Vinara vya darasani hutengenezwa kwa ubao na nati tisa. Nati zikibanana, mishumaa huyeyushana na kupinda, kwa hiyo ziachane kama sentimita mbili na nusu. Gundi ya kuyeyushwa kwa moto haifai, hulainika tena.

Lakini nguvu yote iko nyumbani. Usiku wa kwanza baraka ni tatu, usiku mwingine mbili: jumla 17 katika sikukuu moja. Mtoto aliyeandaliwa anazisoma mwenyewe huku watu wazima wakimsubiri na latke, chapati za viazi za sikukuu hiyo, zikipoa. Kilichofundishwa Jumapili kinatumika wiki ileile.

Nisiwapambe kupita kiasi. Watoto wengi husoma ule mstari wa herufi za Kilatini chini ya Kiebrania, na wakishapata bar au bat mitzvah, sherehe ya kubaleghe kidini, kwenye miaka 13, wengi huaga. Wanaosoma vizuri mara nyingi hawaelewi wanachosoma, na hapo sisi hatuna la kuwacheka. Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, ambao jamii yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, huimba sala kwa Kiebrania na Kiganda, na mtoto anapata lugha zote mbili katika ibada ileile.

Kwa madrasa zetu za Jumamosi ningeanza na dua ya kufuturu. Miezi miwili kabla ya Ramadhani zifundishwe herufi zake tu, karatasi iwe na Kiarabu cha herufi kubwa bila Kilatini chini yake, na mtoto apewe zamu ya kuisoma kila magharibi, siku 29 au 30, mzazi asimtangulie. Walimu wa tajwidi watanuna kwamba mpangilio wa alifu mpaka ye umevurugwa. Sura ndefu zingoje likizo, atakapopelekwa kwa bibi.